Sauti ya Mamako Niliyoifungia

Mwanangu Rukia,

Umetoka baada ya alasiri kwenda kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua, hatakuachia kabla ya magharibi. Kwa hivyo nina muda wa kuandika. Mambo ya safari yako ya kwenda chuo sitayagusa. Boti unaijua, basi la Mokowe unalijua, na shangazi yako sasa hivi anakwambia kwa mara ya kumi usile chakula cha mtu usiyemjua. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelikalia miaka kumi na minne.

Ulipokuwa na miaka saba uliniuliza kama mamako aliacha neno lolote kwa ajili yako. Nikakwambia hakuacha. Ulipomaliza darasa la nane ukauliza tena, nami nikajibu vilevile, tena kwa ukali, ili usiulize mara ya tatu. Hukuuliza. Nilikudanganya, mama. Mamako aliacha neno. Alikurekodia mwenyewe kwa sauti yake, ndani ya chumba hicho hicho ulichotandaza nguo zako za safari, na mashine iliyorekodi ilikuwa yangu. Basi, nimeshasema. Sasa nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, maana wewe hupendi mtu anayerukaruka katika maneno.

Duka hili unalolijua ni mabaki ya duka. Zamani lilikuwa duka hasa. Hapa Faza hakukuwa na kasida, mawaidha wala tangazo la mbuzi aliyepotea ambalo halikupita mkononi mwangu. Watu walitoka Siyu na Kizingitini wakaja kurekodi kwangu, na mimi nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye maikrofoni pekee. Programu ya kurekodia niliipata Mombasa, kwenye diski iliyoandikwa jina kwa kalamu, pamoja na kikaratasi chenye nambari za kuidanganya iamini kwamba mimi ni mwenyewe. Sikuona haya hata kidogo. Nilijiita fundi wa sauti, kumbe nilikuwa mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa ufunguo wa kuchonga, akakaa humo akaanza kupanga viti.

Mwaka mmoja kabla hujazaliwa kulikuwa na harusi kubwa hapa mtaani, na mama wa bibi harusi alitaka nyimbo za wanawake zirekodiwe. Unajua nyimbo hizo zinavyoimbwa. Milango imefungwa, hakuna mwanamume, na mtu husema la moyoni kuhusu mume na mawifi kwa sababu anajua halitoki ndani. Mimi singeweza kuingia, kwa hivyo nilimfundisha mamako kubonyeza vitufe, akaingia na mashine chini ya buibui. Akarudi usiku anacheka. Tulikubaliana na mwenye harusi kwamba nitasafisha sauti mimi peke yangu, nitoe nakala moja, na nyingine yoyote nifute.

Nakala nilitoa. Kufuta nikasahau. Faili lilibaki pale mbele kwenye kompyuta ya duka, faili la kawaida la sauti ambalo mashine yoyote hulicheza, na kijana aliyekuja kujaza nyimbo kwenye kadi ya simu yake akalizoa pamoja na mengine. Haikupita wiki mbili, likawa linapigwa kwenye spika ya boti ya Mokowe, wanaume wanapiga makofi na kutajiana ni mke wa nani huyo anayeimba.

Mama wa bibi harusi alikuja dukani. Hakuingia, alisimama mlangoni. Alisema, "Bwana, sisi tulimwamini mkeo. Wewe hatukukuamini kabisa, tulikuamini kwa ajili yake." Tangu siku hiyo mamako hakualikwa kwenye shughuli za wanawake karibu mwaka mzima. Yeye, binti wa Amu, mji wenyewe wa Lamu, aliyeolewa huku mbali na kwao, na ambaye raha yake yote ilikuwa kukaa na wenzake na kuimba! Hakunigombeza. Alininunia siku tatu, halafu akaniambia neno moja: "Sauti yangu usiiwate wazi tena." Nikamwahidi.

Ulipokuwa na miaka mitano figo zake zilikuwa zimeshakataa. Asubuhi moja alikupeleka kwa shangazi yako, akaniita. "Leta mashine yako," akasema. Niliipanga laptopu juu ya kiti, nikaweka maikrofoni juu ya mto. Aliimba wimbo ambao mama humwimbia bintiye siku anapotolewa kwenda kwa mumewe. Aliuimba wote, akikohoa katikati, nami nimekaa miguuni pake. Alipomaliza akasema, "Siku hiyo mimi siyui ntakuwa wapi, lakini yeye asikose." Kisha akanitazama. "Sasa toka nde. Nataka kunena na mwanangu. Hini usisikize wewe, mpaka yeye akupe ruhusa."

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi. Niliporudi alikuwa ameelekea ukutani. Nikabonyeza, nikahifadhi.

Hapa ndipo nilipoharibu. Programu ile ilikuwa na njia mbili za kuhifadhi. Ya kwanza inatoa faili la kawaida, la kuchezwa na yeyote. Ya pili inafunga kila kitu katika furushi lake yenyewe, ambalo halifunguliwi na programu nyingine ila hiyo. Nilikumbuka boti ya Mokowe. Nikakumbuka ahadi yangu. Nikachagua furushi, na vipande vyote vya kawaida nikavifuta kimoja kimoja, na safari hii sikusahau hata kimoja. Nililihamisha furushi kwenye diski ya nje, nikajiona mwanamume aliyejifunza. Niliwafungia watu wote, na haikunijia akilini kwamba na mimi ni miongoni mwa watu.

Mamako hakumaliza mwezi. Sikulifungua furushi. Nilijiambia nitakungoja ukue. Mwaka uliofuata ile laptopu ikajaa virusi, ambavyo nadhani niliviingiza mwenyewe na hivyo vitu vyangu vya kuiba, nikaipeleka kwa fundi huko Amu akaifuta yote na kuanza upya. Niliporudi, ile diski ya Mombasa nayo ilikuwa imechubuka, na kikaratasi cha nambari kikakataliwa. Nikatafuta diski nyingine. Matoleo mapya yakasema hayalijui faili hili. Moja lililifungua likanionyesha mistari mitupu, nikakaa kuitazama mpaka wateja wakaondoka. Wenye programu nao ningewaandikia niwaambie nini? Kwamba nimewaibia, na sasa naomba msaada?

Ndipo uliponiuliza, na miaka yako saba. Nikaona afadhali udhani mamako hakusema kitu, kuliko ujue kwamba alisema, babako akayapoteza. Nililiona kama huruma. Lilikuwa woga, na kila mwaka ulivyozidi ndivyo lilivyozidi kuwa gumu kusema.

Halafu ukarudi likizo ya kidato cha pili na laptopu yako ya mtumba na fleshi uliyopewa kwenye chama cha kompyuta shuleni. Mfumo huru kamili wa kuendeshea kompyuta, ukasema, jamii ya Linux, usio na hata kipande kimoja kilichofichwa. Nikasema vya bure vina kasoro. Ukanijibu, "Sizungumzii bei, Baba. Huu mtu yeyote anaweza kuangalia ndani yake, akajua unafanya nini, akautengeneza." Uliongea kama mtu aliyeposwa. Mimi nikaona mtoto ameingia wazimu wa shule, utatoka wenyewe.

Haukutoka. Intaneti ya laptopu haikushika, kwa sababu kadi yake ya mtandao ilitaka kipande cha programu kilichofungwa na wewe ukakataa kukitia, ukawa unabeba mafaili kwa fleshi kutoka nyumba hadi nyumba. Kisanduku changu cha kurekodia, ambacho nilikithamini sana, hakikutoa hata mlio kwenye mashine yako. Nilicheka mpaka wateja nao wakacheka. Wewe ukaenda ukapata kwa mtu kimiksa kidogo kilichotupwa, kisichodai programu ya mtu yeyote, ukakichomeka, sauti ikaja safi. Nikasema ni bahati. Ukaniangalia tu. Una macho ya mamako unapoamua kunyamaza, sijui kama nimewahi kukwambia.

Na lile kosa jingine tunalijua sote wawili, ila hatujawahi kulizungumza. Ulikuwa umerudi shule ukaniachia laptopu. Wenye kasida wa Siyu walikuwa na haraka, kompyuta yangu imekufa, nami nikachukua yako nikatia mfumo wangu wa wizi juu ya kila kitu. Sikuangalia kulikuwa na nini. Kulikuwa na sauti ulizokusanya mwaka mzima: watoto wa chuoni wakisoma Kurani, wanawake wakitwanga, shangazi yako akisimulia hadithi zake za majini. Uliporudi ukaiwasha, ukatafuta mafaili yako. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimeshapanga na majibu. Ukasema, "Baba, uliniuliza?" Basi. Ukachomeka fleshi yako ukaanza kuujenga upya mfumo wako, siku nzima, nami napitapita nyuma yako kama mtu mwenye shughuli. Sikukuomba radhi siku ile. Nakuomba sasa. Na ujue kwamba nilipokuwa napitapita nilikuwa nafikiria furushi lililoko sandukuni mwangu, na kwamba wewe na mamako nimewafanyia jambo moja.

Sasa nije kwa Mwalimu Njoroge, yule wa bara anayefundisha sekondari na kuongoza kwaya ya kanisa lao. Unakumbuka alivyokuja mwezi uliopita na lile faili la mashine yao ya kale, kwaya yao ya zamani, nusu yao wameshahamishwa. "Rukia, hii kitu imekataa kila mahali," akasema. "Hata Lamu wameniambia nisahau." Wewe hukusema sahau. Uliiambia programu yako isilisome jina la faili wala isijali ni la nani, ilichukue lote kama sauti ghafi. Kukaja kelele ya kukwaruza masikio. Ukabadilisha nambari ya namna ya kuisoma, kelele tena. Ukabadilisha nyingine, na ghafla watu wakaanza kuimba. Mwalimu akacheka huku anajifuta macho. "Haki ya Mungu, huyo ni Mama Kamau!" Ukamweleza kwamba faili la namna hiyo aghalabu lina sauti ile ile ya kawaida ndani yake, ni karatasi ya juu tu iliyofungwa.

Mimi nilikuwa nyuma yenu na kikombe cha chai. Uliniuliza kama nina homa, nikasema ndiyo.

Wiki iliyopita ulipokwenda Amu siku mbili kushughulikia karatasi zako, nilifunga duka kabla ya adhuhuri. Nikaitoa sandukuni ile diski ya nje, nikakaa kwenye mashine yako, nikafanya kama ulivyofanya. Kelele. Nikabadilisha, kelele. Mara ya nne nikasikia feni. Ile feni yetu ya zamani, iliyokuwa ikigonga kila inapozunguka, nilishasahau kwamba iligonga. Halafu mwanamume akasema, "Tayari?" kwa sauti ya kujiamini, na nikachukua muda kutambua kwamba mpumbavu yule ni mimi. Halafu mamako akakohoa. Akaanza kuimba.

Sikulia, kama unataka kujua. Nilikuja kulia siku ya pili, nikiwa naosha sufuria.

Niliposikia "Sasa toka nde" kidole changu kikasimamisha chenyewe. Faili lote ni dakika kumi na moja. Wimbo umekula tano. Baada ya hapo mstari wa sauti unaendelea kwenye skrini, unapanda na kushuka, unanyooka kidogo mahali fulani kama mtu anayepumzika, halafu unapanda tena. Naona umbo la maneno yake, dakika sita, na sijasikia hata moja.

Utauliza kwa nini nimekaa wiki nzima bila kukwambia. Nilitaka kuwa naye peke yangu, hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na haipendezi. Wimbo aliniruhusu, na nimeusikiliza kila ulipotoka nyumbani. Sababu ya pili ni kwamba niliogopa. Niliogopa ukishasikia utavunja safari, nikaogopa zaidi kwamba utasafiri na hutarudi katika nyumba ya mtu aliyekufanyia hivi. Nyumba hii imekuwa ya watu wawili kwa miaka kumi na minne, na kuanzia kesho ni ya mtu mmoja. Nitakuwa mpweke, Rukia. Nasema wazi kwa sababu mimi nikiwa mpweke hununa, na sitaki ukipiga simu udhani nina hasira nawe.

Kuhusu hicho chuo cha sauti unachokwenda. Walipokujibu kwamba wanafunzi wote watatumia programu yao ile iliyofungwa, na kuhusu ya kwako "tutaona," nilikwambia usijifanye mjuaji, inamisha kichwa upate cheti. Nalirudisha neno lile. Jifunze ya kwao, kujua kitu hakumdhuru mtu, na kuna walimu humo watakufundisha masikio, jambo ambalo programu haina. Lakini usikubali kazi yako ikae mahali ambapo siku moja utalazimika kubisha hodi kwa mgeni ili uisikie. Watakucheka kama nilivyokucheka. Mimi nilikuwa na diski tatu na nambari za uongo, na mtu aliyeifungua sauti ya mke wangu ni binti aliyekataa kutia kipande kimoja kilichofichwa kwenye laptopu ya mtumba.

Na mtu akikupa sauti yake, muulize anataka isikiwe na nani. Mimi sikumuuliza yule mama wa harusi vya kutosha, na mamako aliponiambia, nilielewa nusu. Aliniambia nisiiache wazi. Hakuniambia niipoteze. Uliwahi kunieleza kwamba mfumo wako unaweza kufunga faili kwa neno la siri alijualo mwenyewe, na kufuli yenyewe haina fumbo la kampuni ndani yake. Nilikuwa nakusikiliza kwa sikio moja, nikihesabu vikombe. Kulijua hilo miaka kumi na minne iliyopita kungetosha.

Nimeitoa sauti yake katika faili la kawaida, nikaiweka kwenye mashine yako na nakala yake kwenye fleshi yako nyekundu. Haihitaji ruhusa ya kampuni wala ya babako. Neno la siri utaliweka wewe. Mimi nimebaki na wimbo peke yake, kwa kuwa ndicho nilichopewa. Sikusafisha chochote, kikohozi kimo, na feni imo. Tangu pale mlango unapofungwa nyuma yangu, sijui kilichomo.

Barua hii nitaiacha juu ya laptopu, pamoja na hedifoni, uikute ukirudi. Nataka usikilize leo, hapa, chumbani kwake, si njiani ndani ya basi la watu. Ukishasikia, na ukaona humo kuna neno ninaloweza kupewa, nipe. Ukiona hakuna, kesho nitakubebea begi mpaka botini, na sitauliza.

Babako